Achilles anasusa nini? Maneno na watu wa kuwajua katika tenzi za Homer

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa kwanza chuoni, nasoma fasihi. Nimeanza Iliad ya Homer kwa tafsiri ya Kiingereza nikakwama kitabu cha pili, kwenye ile orodha ya majeshi na meli. Majina ni mengi, tena mtu mmoja ana majina mawili matatu. Pembeni kuna maelezo yenye maneno kama kleos, timē, geras, xenia na nostos, na mhariri anayatumia kana kwamba sote tunayajua. Lakini kubwa linalonisumbua ni Achilles. Ananyang'anywa mateka wa kike, anasusa vita, anakwenda kumlilia mama yake, halafu ndiye anaitwa shujaa? Na ile habari ya kisigino iko kitabu gani? Nimeitafuta nimechoka. Je, yeye ndiye Liyongo wa Wagiriki?

JIBU: Marahaba. Nianze na kisigino, maana jibu lake ni fupi: hakimo. Iliad haisemi popote kwamba mwili wa Achilles hauingii chuma. Katika kitabu cha 21 mkuki wa Asteropaeus unamparura mkono wa kulia na damu inamtoka kama mtu mwingine yeyote. Kisa cha mama yake kumchovya katika mto Styx huku kamshika kisigino tunakipata kwa Statius, mshairi wa Roma wa karne ya 1 BK, wakati tenzi za Homer kwa kawaida huwekwa karne ya 8 KK. Hata kifo cha Achilles hakisimuliwi mle. Kinatabiriwa tu, pale Hector, mpiganaji mkuu wa Troy, anapokata roho na kumwambia Achilles, muuaji wake, kuwa Paris, mwana wa mfalme wa Troy, na mungu Apollo watamwangusha penye lango la Troy. Farasi wa mbao, yule ambaye Wagiriki walijificha tumboni mwake ili waingie Troy, naye usimtafute humo. Yumo katika Odyssey, utenzi wa pili wa Homer, ambako malenga kipofu Demodocus anaimba habari zake katika kitabu cha 8.

Kwa hiyo Achilles anayelingana na Liyongo ni huyo wa Statius: chuma hakimwingii, ila ana mahali pamoja pa siri, kisigino kwa huyu na kitovu kwa yule. Achilles wa Homer ni mtu mwingine. Liyongo anauawa kwa kusalitiwa na mwanawe. Hajui saa wala mkono utakaomjia. Achilles anajua. Mama yake Thetis ni mungu wa baharini, baba yake Peleus ni binadamu, na mama huyo keshamweleza njia mbili: akibaki Troy kupigana atakufa kijana na sifa yake haitakufa, akirudi kwao Phthia ataishi hadi uzee na jina lake litapotea. Uzito wa utenzi mzima uko hapo, na ndiyo maana nakushauri uache kuyasoma yale maneno matano kama msamiati wa mtihani. Kila moja ni mahali ambapo mtu fulani katika hadithi ameingia matatani.

Tumalize kwanza majina. Orodha ya kitabu cha pili ina vikosi 29 na meli 1,186. Iruke. Msikilizaji wa zamani aliweza kungoja asikie mji wa kwao ukitajwa. Wewe huna mji pale. Ukivuka hapo, shika mambo machache. Waakaya, Waargivi na Wadanai ni watu wale wale, yaani jeshi la Wagiriki lililovuka bahari kuja kuizingira Troy. Troy yenyewe huitwa pia Ilios, na humo ndimo limetoka jina Iliad. Paris ndiye Alexandros. Mtu mara nyingi huitwa kwa jina la baba yake badala ya lake: "mwana wa Peleus" ni Achilles, "mwana wa Tydeus" ni Diomedes, na "mwana wa Atreus" anaweza kuwa Agamemnon, mfalme wa Mycenae na kiongozi wa msafara, au ndugu yake Menelaus wa Sparta, mume wa Helen. Utazame mstari wa juu na wa chini ujue ni yupi. Ajax wako wawili, na ukiambiwa tu "Ajax" bila maelezo, karibu kila mara ni yule mkubwa mwenye ngao kama ukuta, mwana wa Telamon. Upande wa Troy utawahitaji Priam, mfalme mzee, mkewe Hecuba, mwanawe Hector na mke wa Hector, Andromache. Wengine wengi hutajwa, huchomwa mkuki, hufa, na ndani ya mistari mitano unaambiwa baba yao alikuwa nani na walikotoka. Usijaribu kuwakariri. Ila usiwaruke haraka mno, maana mistari hiyo mitano ndiyo matanga pekee wanayopata.

Sasa ugomvi wenyewe. Kuhani wa Apollo, Chryses, anakuja kambini na fidia kumkomboa binti yake Chryseis, aliyetekwa na kuwa fungu la Agamemnon. Agamemnon anamfukuza kwa matusi. Apollo anapiga kambi kwa tauni siku tisa. Siku ya kumi anayeitisha baraza si mkuu wa msafara, ni Achilles, na mwaguzi Calchas anasema wazi kwamba binti arudishwe. Agamemnon anakubali, lakini anadai fungu jingine badala yake, na mwisho anamchukua Briseis, fungu la Achilles.

Hapo ndipo penye geras na timē. Geras ni fungu la heshima: kitu au mtu aliyetolewa na jeshi zima kwenye ngawira ukapewa wewe, mbele ya watu wote, kwa kutambua kazi yako. Timē ni heshima yenyewe, ile thamani yako machoni pa wenzako. Katika ulimwengu huu heshima haikai moyoni mwa mtu akajiridhisha nayo peke yake. Inaonekana, inahesabika, inagusika. Nani anakaa wapi kwenye karamu, anakatiwa nyama ipi, amepewa nini baada ya mji kutekwa. Basi kumnyang'anya mtu geras yake hadharani ni kutangaza kwamba kazi aliyoifanya haikuwa kitu. Achilles anamwambia Agamemnon waziwazi: hawa watu wa Troy hawajaniibia ng'ombe wala farasi, nimekuja kwa ajili yenu, sehemu kubwa ya vita naibeba mimi, na mgawo ukifika wewe unachukua kikubwa. Mkono wake tayari uko kwenye upanga, na mungu wa kike Athena anamshika nywele kutoka nyuma.

Halafu anasusa. Neno hili la kwetu linafaa, mradi usilifikirie kuwa la kitoto. Ghadhabu yake huitwa mēnis, na ndilo neno la kwanza kabisa la utenzi. Kwa Homer neno hilo ni la hasira ya miungu, hasira inayoleta maafa kwa umati mzima. Katika Iliad binadamu ambaye hasa hupewa ni Achilles. Nayo inafanya kazi hivyo hivyo: anamwomba mama yake amshawishi Zeus, mkuu wa miungu, awape watu wa Troy ushindi, wenzake wafe mpaka Agamemnon aone kosa lake. Kwa hiyo unapoona ubaya katika jambo hilo husomi vibaya. Mshairi amekwisha kuuonyesha katika mistari ya mwanzo, anaposema ghadhabu hiyo ilipeleka kuzimu roho nyingi za mashujaa na miili yao ikawa chakula cha mbwa na ndege. Na huyo "shujaa", kwa Kigiriki hērōs, kwa Homer si sifa ya tabia njema. Ni mtu wa tabaka la wapiganaji wa zama zile, awe mwema au mbaya.

Kilio chake nacho kisikukwaze. Agamemnon analia mbele ya baraza, Odysseus, shujaa wa Odyssey, analia ufukweni kwa Calypso, mungu wa kike aliyemzuia, Priam anagaagaa kwenye samadi. Huko machozi hayamshushi mwanamume.

Kuhusu Briseis una haki ya kusononeka, na nadhani mshairi naye alisononeka kidogo. Kwa sehemu kubwa anapitishwa kutoka kibanda hadi kibanda kama kitu. Lakini katika kitabu cha 19 anarudishwa, anaikuta maiti ya Patroclus, rafiki mpenzi wa Achilles, na kwa mara moja tu anapata kusema. Anasema alimwona mumewe akiuawa mbele ya mji wao na ndugu zake watatu wakifa siku hiyo hiyo, na aliyewaangamiza ni Achilles huyu huyu anayegombewa naye. Wanawake waliomzunguka wanaomboleza pamoja naye, na mshairi anaongeza kwamba kwa nje walimlilia Patroclus, ila kila mmoja alikuwa akililia yake.

Kitabu cha 9 ndicho ningekuomba ukisome mara mbili. Wagiriki wamezidiwa. Agamemnon anatuma wajumbe, Odysseus, Ajax na mzee Phoenix, na orodha ya zawadi: masufuria 7 ya miguu mitatu ambayo hayajaguswa na moto, talanta 10 za dhahabu, vyungu 20 vinavyong'aa, farasi 12 wa mashindano, wanawake 7 wa Lesbos, Briseis mwenyewe pamoja na kiapo kwamba hakulala naye, na baadaye binti yake mmoja bila mahari pamoja na miji 7. Kwa kipimo cha geras, deni limelipwa na kuzidi. Lakini Agamemnon alimalizia ujumbe wake kwa kusema Achilles akubali kuwa chini yake, kwa kuwa yeye ni mfalme zaidi na kwa umri amemtangulia. Odysseus anairudia orodha nzima ya zawadi karibu neno kwa neno, na kipande hicho cha mwisho anakimeza. Achilles anamjibu kwamba anamchukia kama milango ya kuzimu mtu anayeficha jambo moja moyoni na kusema jingine. Hakuusikia ule mwisho, ila kama vile ameunusa.

Kisha anasema jambo ambalo hakuna mwingine katika jeshi lile angethubutu kulisema. Ng'ombe na kondoo hutekwa, masufuria na farasi hupatikana, lakini roho ya mtu ikishavuka uzio wa meno hairudi, haitekwi wala hainunuliwi. Hapo ndipo anapozitaja zile njia mbili, na hapo kleos inakuja kwa uzito wake. Kleos ni sifa, lakini sifa ya kusikika: yale watu watakayoyasema na kuyaimba juu yako ukiwa hupo. Anayoahidiwa Achilles inaitwa sifa isiyonyauka. Sasa angalia wajumbe walimkuta akifanya nini walipoingia kibandani: anapiga kinubi na kuimba sifa za watu wa kale, Patroclus ameketi mbele yake kimya. Kinubi hicho alikitwaa alipoubomoa mji wa Eetion, baba yake Andromache. Mtu anayeimba kleos anaimbia chombo cha watu aliowaua. Mshairi haongezi neno lolote hapo, na hakuna haja.

Patroclus anapokufa katika kitabu cha 16, kwa kupigwa na Apollo, kisha Euphorbus, mpiganaji wa upande wa Troy, kisha Hector, hesabu yote hii inavunjika. Zawadi za Agamemnon zinaletwa kweli, zinapangwa mbele ya watu, naye hazitazami. Anasema zije au zikae, ni mamoja. Yeye anataka kuingia vitani sasa hivi. Timē aliyoipigania vitabu 18 inafika mlangoni wakati haina tena kazi.

Kwa upande wa pili wa ukuta kuna neno ambalo hukuliuliza, aidōs, yaani haya au soni mbele ya watu. Lisome kwa Hector. Katika kitabu cha 6 Andromache anamwomba asitoke nje ya mji. Anajibu kuwa anawaonea haya wanaume na wanawake wa Troy akijificha kama mwoga. Anamnyooshea mikono mwanawe mchanga, mtoto anapiga kelele kwa kuogopa kofia ya vita yenye kishungi cha manyoya ya farasi, baba na mama wanacheka, anaivua na kuiweka chini ndipo ambusu. Katika kitabu cha 22 anaweza kuingia langoni akapona, lakini alikwisha kulikataa shauri la mwenzake Polydamas la kurudisha jeshi ndani, na watu wengi wamekufa kwa ukaidi wake. Anaona haya kuwakabili. Anabaki nje. Haya ile ile iliyomfanya mlinzi bora wa mji ndiyo inayomwua, na mji unabaki bila mlinzi.

Mengine niyapitishe upesi. Aristeia ni kipindi ambacho mpiganaji mmoja anavuma peke yake uwanjani, kama Diomedes katika kitabu cha 5. Ukichoka na damu, hizo ndizo kurasa za kupitia kwa kasi. Moira ni fungu la kila mtu, ajali yake, ambayo hata Zeus anasita kuigusa: anatamani kumwokoa mwanawe Sarpedon, mkewe Hera anamkanya kwamba kila mungu ataanza kuokoa wanawe, naye anaishia kunyesha matone ya damu ardhini. Xenia (itamke ksenia) ni mkataba wa mgeni na mwenyeji, unaolindwa na Zeus mwenyewe na kurithiwa na watoto. Paris aliuvunja alipomchukua Helen nyumbani kwa mwenyeji wake, na vita vikaja. Diomedes na Glaucus wa upande wa Troy wanakutana kupigana, wanagundua babu zao walikaribishana, wanapeana mikono na kubadilishana silaha; mshairi anachekelea kwamba Zeus alimpotosha Glaucus akili, kwani alitoa dhahabu ya thamani ya ng'ombe 100 akapokea shaba ya ng'ombe 9. Odyssey karibu yote ni mtihani wa xenia: jitu Polyphemus linalokula wageni, na wachumba 108 wanaomposa mke wa Odysseus huku wakila mali ya mwenyeji asiyekuwepo. Nostos, safari ya kurejea nyumbani, ni neno la utenzi huo wa pili. Odysseus anaipata, baada ya miaka kumi ya vita na kumi ya kutangatanga. Achilles ndiye aliyekwisha kuitupa ili apate kleos.

Huenda umejiuliza pia kwa nini Achilles anaitwa "mwepesi wa miguu" hata akiwa ameketi. Hapa itakusaidia kujua kwamba tenzi hizi zilikomaa mdomoni. Milman Parry, Mmarekani aliyeishi 1902 hadi 1935, alionyesha katika tasnifu zake za 1928 huko Paris kwamba sifa hizi zimepangika kwa vipimo vya mstari: ikibaki nafasi kubwa Achilles ni "mwepesi wa miguu", ikibaki ndogo ni "mtukufu" tu. Kisha kati ya 1933 na 1935 alikwenda Yugoslavia na msaidizi wake Albert Lord kurekodi manju waliokuwa hai. Mmoja wao, Avdo Međedović, aliwatajia utenzi mmoja wa mistari zaidi ya 12,000, urefu unaolingana na Odyssey.

Wewe uliyekulia kwenye utenzi wa mizani nane na vipande vinne kila ubeti hutapata shida kuelewa, ila jua tofauti: mstari wa Homer hauna vina. Una miguu sita ya silabi ndefu na fupi, kwa hiyo silabi zake zinaweza kuwa 12 au 17 na bado ukawa sawa. Hata hivyo simkubalii anayesema sifa zile ni za kujazia tu. Achilles anapomkimbiza Hector mara tatu kuizunguka Troy, huo wepesi wa miguu umetajwa kwa muda mrefu kiasi kwamba msikilizaji anajua mbio zitaishaje. Mfunguo nao utaufahamu: Homer anamwomba mungu wa kike wa utungo, Muse, aimbe kupitia kwake, mahali ambapo mtunzi wa Pate mwaka 1728 alianza Utendi wa Tambuka kwa jina la Mwenyezi Mungu. (Na Herekali wa utendi huo ni Heraclius, mtawala wa dola lililozungumza Kigiriki. Humo Wagiriki ndio adui.)

Nirudi kwa Achilles na swali lako la ushujaa. Iliad inaanza kwa mzee aliyekuja na fidia kumkomboa mwanawe akafukuzwa. Inamalizika kwa mzee mwingine, Priam, anayeingia usiku katika kibanda cha Achilles na fidia ya maiti ya Hector, anayepiga magoti na kuibusu mikono iliyowaua wanawe. Anamwambia amkumbuke baba yake Peleus, naye ni mzee kama yeye. Achilles anamshika mkono, anamsogeza taratibu, na wote wawili wanalia, mmoja kwa Hector, mwingine kwa baba yake na kwa Patroclus. Wanakula pamoja. Anampa siku 11 za kusitisha vita ili maziko yafanyike. Hakuna geras iliyogawiwa hapo wala baraza linalotazama. Kwangu mimi hapo ndipo ushujaa wake ulipo, lakini utakutana na wasomi wazuri wanaoona kuwa anabaki mtu wa hatari mpaka mwisho, na wana ushahidi: dakika chache tu baada ya kulia pamoja, kabla hawajala, anamwonya Priam asimchokoze asije akamwua.

Ukitoka hapo nenda moja kwa moja kwenye kitabu cha 11 cha Odyssey. Odysseus anakutana na kivuli cha Achilles kuzimu, anamsifu kuwa ni mtawala hata kati ya wafu. Achilles anamkatiza: afadhali angekuwa kibarua wa mtu maskini asiye na shamba, kuliko kuwa mfalme wa wafu wote. Wengi humnukuu mpaka hapo na kusema ameikana kleos. Wasome mistari inayofuata. Anauliza habari za mwanawe Neoptolemus, anaambiwa jinsi alivyojipatia jina vitani, naye anaondoka kwa hatua ndefu katika malisho ya kuzimu, amejaa furaha.

Kwa hiyo soma Iliad vitabu vya 1, 6, 9, 16, 18, 22 na 24 kwanza, kisha hicho cha 11 cha Odyssey, ndipo urudi kuvijaza vilivyobaki. Na ukibadilisha tafsiri, tafuta yenye namba za mistari pembeni, maana wahariri wote hurejelea kwa namba hizo na bila hizo utapoteza muda mwingi kutafuta.